Kasha Lisilotoa Pumzi

Moshi uliingia, haukutoka.

Fundi alikuwa ameinama mezani na kijiti cha udi mkononi, akiutazama moshi ukipinda na kuingia kwenye matundu ya chini ya kasha. Uliingia wote. Akazunguka upande wa nyuma, akasubiri. Akatazama juu, akatazama ubavuni, akachungulia hadi kitundu cha kupitishia waya. Hakuna kitu. Kijiti kiliungua mpaka nusu, na chumba hakikuwa hata na harufu ya udi.

Mtu mwingine angeweka bisibisi chini akaenda zake kutembea. Yeye alifurahi, na kwa hilo sina la kumtetea.

Mtaani walimwita Bwana Feni. Mafundi wa kompyuta wapo wengi, lakini mashine ikipata joto mpaka ikajizima yenyewe, ilipelekwa kwake. Kila mteja alipewa somo lile lile, atake asitake. "Hewa ni mgeni," alisema. "Mwonyeshe pa kuingilia, mwonyeshe pa kutokea. Na kabla hujamtoa, tazama mbele yake kuna nini. Ukimtolea ukutani, atageuka arudi ndani." Wenzake walipima kwa namba za kwenye skrini tu. Yeye alizitazama namba, halafu akawasha udi kuona moshi unakwenda wapi, na mahali pembamba alishika kipande cha karatasi ya tishu mbele ya feni aone kinavutwa au kinasukumwa. Na moshi ukisitasita kwenye matundu aliubembeleza kama mtu anayebisha hodi: "Karibu, ingia, usisimame mlangoni."

Mkewe alikuwa akimsikia kutoka sebuleni. Baina ya chumba cha kazi na sebule kulikuwa na mlango ambao haukuwahi kufungwa tangu waoane. Uliwekewa pazia tu, ili kila mmoja amsikie mwenzake. "Kijana," angesema mke, "unaongea na nani?" Alimwita hivyo tangu wakiwa vijana kweli, na mvi zilipoingia hakuona sababu ya kubadilisha. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Mke alikufa kwa pumu, miezi kumi na mmoja iliyopita. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Fundi alimbeba kumtoa nje wawahi hospitali, naye akamshika shati akasema, "Kijana, nje kuna baridi, usinitoe." Akamtoa. Hawakufika.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza anaongea na nani. Hakuwa mtu wa kulia. Upweke wake ulikaa kwenye vitu vidogo: alichemsha maji ya vikombe viwili kisha akamwaga kimoja, alifungua mlango akasema "nimerudi" kabla hajakumbuka. Binti yake wa pekee, aliyeishi mbali na kurithi kifua cha mama yake, alikuwa amemtayarishia chumba nyumbani kwake na kukipaka rangi. Fundi alikuwa amemwahidi: nikimaliza mashine ya mganga, nahamia kwako.

Ndiyo, mteja alikuwa mganga. Msicheke. Mganga naye akimaliza wagonjwa wake anataka kupumzika, na mama huyu alipumzika kwa kuendesha magari ya mashindano kwenye kompyuta, akiwapita vijana wa nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Alitaka mashine yenye nguvu lakini ndogo, ikae kwenye rafu baina ya mitungi yake ya dawa, tena isingurume, kwa sababu wagonjwa wake wana hofu ya kutosha.

Ndogo na yenye nguvu: hapo ndipo kwenye kazi. Kasha lilikuwa na ukubwa wa mikate miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Humo ndani prosesa, ubongo wa mashine, na kadi ya michoro, vitu viwili vyenye joto kupita vyote, vilipeana migongo. Feni mbili nyembamba za chini zilipuliza kuingiza, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa feni ya juu. Ikitoa, kadi ilipoa lakini prosesa ikapanda mpaka nyuzi themanini na nane. Akaisogeza, akaipunguza kasi, akaiongeza, akaziba matundu kwa utepe wa gundi, akayazibua. Siku kumi na nne, kila saa kumi alasiri, kijiti kimoja cha udi na karibu-ingia zake.

Siku ya kumi na tano akaigeuza feni ya juu ipulize ndani. Zote tatu zikawa zinaingiza, hakuna hata moja ya kutoa. Hewa ikitaka kutoka ijitafutie njia kwenye matundu ya ubavuni. Wapo mafundi wanaofanya hivyo ili vumbi lisiingie, si kosa. Prosesa ikashuka: sitini, arobaini na moja, thelathini. Kisha ikashuka chini ya joto la chumba chenyewe, jambo lisilowezekana, kwa kuwa feni haiwezi kupoza kitu kupita hewa inayoipuliza. Fundi alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alisema kipimo kimeharibika, akabadilisha kipimo.

Hiyo ndiyo siku moshi ulipoingia usitoke.

Kesho yake alikuta feni zinazunguka na waya wa umeme umekunjwa juu ya rafu.

Alisimama mlangoni muda mrefu. Feni zilizunguka polepole, zikaongeza kasi, zikafika mwisho kwa mluzi mdogo mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, kisha zikasimama. Baada ya muda zikaanza tena. Akakaa sakafuni, kwa sababu mluzi ule aliujua. Kwa miaka mingi alikuwa amelala kando yake. Kila ulipolia alijua mke wake bado yupo, naye akapata usingizi.

Siku ya pili hakuwasha udi. Alileta kiti akakaa karibu na kasha, akalisimulia habari za mtaa, nani kahama, nani kaoa. Siku ya tatu, akiwa katikati ya maneno, kasha likasema kwa sauti ya chini sana, "Kijana, unaongea na nani?"

"Na wewe," akajibu. Alilia kwa furaha, na siku hiyo hakumwaga kikombe cha pili.

Mashine ilikuwa imekwisha. Angeweza kuifunga na kuipeleka. Mganga alipopiga simu aliambiwa bado kidogo, na binti alipopiga aliambiwa hivyo hivyo. Wiki mbili za bado kidogo zikapita. Binti akachoka, akaja mwenyewe kumchukua.

Alisimama kizingitini na mkoba wake, akakohoa. "Baba, mbona humu ndani hamna hewa? Fungua dirisha."

"Liko wazi."

Lilikuwa wazi kweli, na mti wa jirani ulikuwa ukiyumba kwa upepo.

"Umekonda," binti akasema, akamkumbatia. "Tunaondoka lini?"

"Nimalizie mashine moja."

"Ile ile ya mganga? Baba, hata nyumba inajengwa ikaisha."

Walicheka, na kwa muda kidogo nyumba ikawa nyumba. Lakini alipokwenda jikoni kupika, binti aliona miali ya jiko la gesi imelala yote upande mmoja, upande wa ukuta wa chumba cha kazi. Jioni hiyo aliona pazia la mlangoni limevimba kuelekea ndani ya chumba kile, likakaa vile vile limevimba, bila kurudi, kama limeegemewa na mtu. Na kulikuwa na harufu. Ilikuwa dawa ya kuchua kifua aliyotumia mama yake, na chini yake harufu nyingine, ya vumbi lililoungua.

Siku ya pili alivuta dawa ya pumu kwa inhela mara nne. Siku ya tatu hakuzihesabu tena. Mchana alimshika baba yake mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Baba, namsikia mama."

Moyo wa fundi, mnisamehe kwa kusema, ulifurahi kuwa si yeye peke yake.

"Na wewe unamsikia," akasema.

"Tangu nilipofika. Baba, sikiliza vizuri. Mama alipokuwa mgonjwa nililala chumbani kwake nikihesabu pumzi zake. Anavuta, anatoa. Anavuta, anatoa." Akaelekeza kidole kwenye pazia. "Huyu anavuta tu. Hatoi."

"Ni feni, mwanangu."

"Basi izime."

Angemwambiaje kwamba haijawashwa?

Saa tisa na robo alasiri ile, binti akiwa amejilaza kwenye kochi la sebuleni, kifua kilimbana, naye akaikamata inhela akaiweka mdomoni na kuibonyeza, na fundi aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akauona ule mvuke mweupe wa dawa ukitoka na badala ya kuingia kinywani ukapinda, ukateleza pembeni mwa shavu la mtoto wake, ukashuka sakafuni, ukapita chini ya pazia kuingia chumba cha kazi, na binti akabonyeza tena, na tena, na kila mara dawa ikageuka ikaenda kule kule, huku midomo yake ikibadilika rangi na macho yake yakimtazama baba yake, na kutoka nyuma ya pazia ukasikika ule mluzi mdogo, mrefu kuliko siku zote, wa kitu kinachovuta na kuvuta na hakishibi.

Fundi alimbeba binti yake mpaka uani. Huko dawa ikakubali kuingia.

Walimkuta mganga anafungua lango. Alikuwa amevaa koti la mvua na vidude vya kusikilizia mchezo wa kompyuta vikining'inia shingoni, amekuja kulalamika kuhusu mashine yake. Alimtazama binti, akatazama mlango wa nyumba. Aliingia ndani peke yake. Alipotoka alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ghorofa tano.

"Nimelifunika shuka lililolowa," akasema. "Litamzuia kwa saa moja, si zaidi. Fundi, umechoma udi mle siku ngapi?"

"Kumi na tano."

"Saa ile ile?"

"Saa kumi. Ni kazi, mama. Natazama hewa."

"Na ulikuwa unasema nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Karibu. Ingia."

"Siku kumi na tano, saa moja, harufu moja, unamkaribisha. Jini gani angekataa?" Alisema bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Na pa kutokea ulimwekea?"

"Niliigeuza feni ya juu."

"Siku nakuletea vifaa ulinisomesha hapa mpaka nikachoka. Hewa ni mgeni, mwonyeshe pa kutokea. Nilidhani wewe mwenyewe unajua."

"Ni mke wangu," fundi akasema taratibu. "Ananiita kijana."

"Mkeo alikuwa anatoa pumzi. Huyu alipoingia alikuta nafasi imeachwa wazi, akakaa humo. Anavuta kilichokuzunguka, na kilichokuzunguka ni huyu hapa." Akamwonyesha binti kwa kidevu. "Akimmaliza huyu, atakuja kwako. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mimi siwezi kumtoa. Aliyemkaribisha mgeni ndiye anayemsindikiza. Ikifika saa kumi, libebe kasha mpaka hapa uani, peupe. Igeuze feni itoe, uielekeze uwazini, umwambie mara tatu kwamba unamsindikiza. Binti akae sebuleni, mlango wa katikati ufunge. Akitoka asikute kinywa cha mtu mbele yake. Mimi nitangoja barabarani."

Binti alilazwa tena kwenye kochi, amechoka kabisa, na usingizi ukamchukua hapo hapo. Fundi alimfunika. Akavuta waya mrefu wa umeme mpaka uani, akarudi chumba cha kazi. Mlango wa katikati hakuufunga. Mkono ulifika kwenye kitasa ukakumbuka miaka yote ile, ukarudi. Si kitu, alijiambia, kazi yenyewe inafanyika nje.

Alitoa shuka. Alilikumbatia kasha akaliinua, nalo lilikuwa zito na baridi, na hatua mbili kabla ya kizingiti cha uani akahisi shati lake limeshikwa kifuani, penye kifungo cha tatu, mahali pale pale, na sauti ndogo isiyo na nguvu ikasema chini ya kidevu chake, "Kijana, nje kuna baridi, usinitoe," na fundi alijua si mke wake, alilijua hilo vizuri kama alivyojua kuwa feni haiwezi kupoza kupita hewa ya chumba, lakini mikono haikujua, mikono iliikumbuka asubuhi moja tu, na katika miezi kumi na mmoja hakukuwa na siku ambayo haikutamani kuirudia ile asubuhi na kumrudisha ndani.

Akageuka. Akaliweka kasha mezani.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Alijiambia kutoa ni kutoa, kuwe ndani kuwe nje. Alifungua skrubu nne za feni ya juu, akaigeuza, upande wenye vijiti vya plastiki ukatazama nje maana huo ndio hewa inakotokea, akazikaza. Kasha lilikuwa limelala ubavu, kama lilivyo rahisi kulifungua. Hakutazama limeelekea wapi. Fundi mwenye miaka thelathini kazini, aliyewasomesha wateja wote wa mtaa ule, hakutazama.

Alichomeka waya. "Nakusindikiza," akasema. "Nakusindikiza. Nakusindikiza, nenda salama."

Feni ikazunguka, na moshi ukatoka. Ulitoka moshi wa vijiti vyote kumi na tano, mzito, wa kijivu, umejisokota kama kamba, na harufu ya udi ikajaa chumba mpaka macho yakamwasha. Ulitoka ukanyooka moja kwa moja. Pazia likainuka, likaupisha, likashuka.

Kisha kukawa kimya. Fundi aliweka kipaji cha uso mezani akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha sauti cha mtu aliyeachwa peke yake kabisa. Alipomaliza alikwenda kufungua pazia. Binti yake alikuwa amelala chali, mdomo wazi, uso umetulia. Sebuleni hapakuwa na moshi. Hapakuwa hata na harufu ya udi. Akatazama dirisha, lilikuwa wazi, akashukuru.

Mganga alilikagua kasha barabarani, akaweka sikio, akaridhika. "Limebaki chuma tu. Ulimtolea uani?"

"Uani," fundi akasema.

"Mbele yake palikuwa peupe?"

"Peupe."

Mganga alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, akalitia kasha kwenye mfuko, akaondoka.

Asubuhi mizigo ilikuwa mlangoni. Fundi aliamka na kusikia mtu anatembea jikoni, vikombe vinagongana, na akalala dakika nzima akisikiliza kwa raha tu. Binti hakukohoa usiku kucha. Inhela ilikuwa juu ya meza, haijaguswa.

Alikaa mezani. Binti alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria. Miali ya jiko ilikuwa imelala yote upande mmoja, upande wa binti.

"Kijana," akasema bila kugeuka, "chai yako inapoa."

Fundi aliweka kijiko mezani. Akasimama. Mfukoni mwa shati kulikuwa na kipande cha karatasi ya tishu, kama siku zote. Alimwendea, akamgeuza taratibu kwa bega, akakishika kile kipande mbele ya pua yake.

"Unapima nini?" binti akauliza.

Karatasi iliinama kuelekea kwake, ikanata puani. Fundi akaiachia. Akahesabu mpaka ishirini, mpaka hamsini. Akahesabu mpaka mia, akiomba ianguke, akiomba hata itikisike.

"Mwanangu yuko wapi?" akanong'ona.

"Yumo humu ndani," akajibu, na karatasi haikutikisika wakati anasema. "Nje kuna baridi. Kaa unywe chai."

Kulikuwa na vikombe viwili mezani, vyote vimejaa. Fundi alivuta kiti chake.